Mzee wa Mtoni Afika Mkuyuni

Bweni la wanafunzi, Urusi
9 Oktoba 1994

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe kama Baba anapaswa kuisikia.

Serikali iliyonileta huku haipo tena, hilo mlilisikia redioni. Tangu ianguke wametuvumilia sisi wanafunzi wa zamani, lakini mwezi uliopita walituita ukumbini wakasema uvumilivu umekwisha. Asiye na mfadhili achague: apewe tiketi arudi kwao, au ahamie masomo ya biashara ambayo kampuni moja mpya imejitolea kuyalipia. Wengi wamechagua. Ngosha, yule kijana wa Sengerema niliyesafiri naye, amehamia biashara na sasa anavaa tai. Ilipofika zamu yangu nilisema nabaki na tamthilia zangu. Bwana aliyekuwa anaandika majina aliniuliza nani atanilipia. Nikamjibu kwamba nitajilipia. Alitazama viatu vyangu, akaandika.

Na kweli najilipia. Jioni nafanya kazi kwenye jumba la maonyesho la hapa mjini. Watu wakiingia wananipa makoti yao, nayatundika, wakitoka nawarudishia. Kazi yenyewe ni hiyo. Watu wakishaketi naruhusiwa kusimama nyuma kabisa na kutazama, na mara nyingi wanaonyesha kazi za mwandishi wangu.

Baba ameniandikia habari za Kashindye na kiwanda chake cha minofu. Anasema marubani wa Kirusi wanatua Mwanza kila wiki kuchukua sangara na hakuna anayewaelewa, kwa hiyo Kashindye anataka mkalimani na nyumba ya kuishi ipo. Mayu, jibu langu ni hapana. Nimebakiza tasnifu moja tu. Nikirudi leo ninarudi mikono mitupu, na niliondoka Mkuyuni nikisindikizwa na kwaya nzima.

Nakula. Usiulize nakula nini.

Binti yako,
Odeta

*

Mkuyuni, Mwanza
20 Novemba 1994

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Sisi wazima, bibi yako tu miguu inamsumbua.

Barua yako hakuisoma mwingine kabla ya Baba yako, maana sanduku la posta ni la kazini kwake. Alikuja nayo imefunguliwa. Alinisomea akiwa amesimama mlangoni, hata kofia hakuvua. Alipofika pale uliposema "usiulize nakula nini" aliikunja barua, kisha akaanza kulalamika. Akasema, "Tulimpeleka akasome, kumbe amekwenda kusoma michezo." Akasema hata ngonjera za shule ya msingi zina maana kuliko hayo, maana mtoto akighani mkuu wa wilaya anapiga makofi. Nikamwambia, "Baba Odeta, mtoto hajaomba kitu." Akasema, "Ndiyo ubaya wenyewe. Angeomba ningemkatalia."

Mwanangu, baba yako si yule uliyemwacha. Tangu chama cha ushirika kiwapunguze kazi alikaa hapa nyumbani karibu mwaka mzima, akivaa suruali yake ya ofisini kila asubuhi na hana pa kwenda. Sasa Kashindye amempa utunza stoo kiwandani. Anamwogopa Kashindye kwa namna ambayo hakumwogopa mtu yeyote zamani. Kwa hiyo ukisema hapana kwa Kashindye, kishindo kinamwangukia yeye.

Kuanzia leo niandikie kwa sanduku la parokia, kwa jina langu, Suzana Chenge. Barua zako nitazisoma mwenyewe. Nilijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima nikiwa nimekubeba mgongoni, sioni kwa nini nisomewe.

Na sasa nataka jambo moja. Unagombana na baba yako kwa ajili ya michezo ambayo mimi siijui. Siwezi kumtetea mtu kwa kitu nisichokijua. Chukua mmoja unaoupenda, niandikie wote, nani anaingia, nani anasema nini, mpaka mwisho.

Mama yako,
Suzana

*

Urusi
15 Januari 1995

Mayu,

Shikamoo. Karatasi zilizo nyuma ya barua hii ndizo mchezo wenyewe. Nimeutafsiri usiku kwa usiku mwezi mzima. Samahani kwa mwandiko, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kwanza nikueleze mwandishi. Alikufa zamani, kabla Baba hajazaliwa. Aliishi na wafanyabiashara wa mji wa kando ya mto mkubwa, akaandika walivyosema na walivyokula na walivyowaogopesha watu wa nyumbani mwao. Warusi wote wanamjua. Jina lake ukilitamka haraka unauma ulimi.

Mchezo ni huu. Savva ni mfanyabiashara wa nafaka. Ana mke, Pelageya, na binti, Dunya. Savva anataka kumwoza Dunya kwa mshirika wake, mzee mwenye kinu cha kusaga nafaka, ili biashara zao ziwe kitu kimoja. Kila mtu anasema sana: Savva anafoka, mshirika anasifu chai, Dunya analia, shangazi anaomba Mungu. Pelageya peke yake hasemi, ila "chai tayari" na "funga dirisha". Desturi yao ni kwamba binti haolewi mpaka wazazi wote wawili wambariki kwa kuinua mkono. Katika sehemu ya mwisho wageni wamefika, Dunya amepiga magoti, Savva amekwisha kubariki. Anamgeukia mkewe, anamwambia, "Mbariki mwanao." Pelageya anasimama. Hainui mkono. Hasemi. Pazia linashuka.

Mchezo unaishia hapo, Mayu. Wasomi wamebishania mwisho huo kwa miaka mingi. Mwalimu wangu, Bi Lidia, ameandika kitabu kizima kusema kwamba Pelageya ameshindwa, kwamba roho yake imekufa na hajui tena hata kukataa. Mimi naandika tasnifu kusema si hivyo. Bi Lidia si mtu mbaya. Ndiye aliyenipatia kazi ya makoti. Lakini ameniambia, "Odeta, ukitaka kupinga usomi wa watu wote, uwe na hoja, si hasira."

Nina vyote viwili. Naomba nisiishiwe na cha kwanza.

Odeta

*

S.L.P. ya kiwanda, Mwanza
27 Februari 1995

Kwa Odeta Paulo Chenge,

YAH: KUREJEA NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya Oktoba niliipokea. Sikuijibu kwa sababu nilitegemea ungetafakari. Sasa ni Februari na hujaleta taarifa yoyote ya kutafakari.

Mwanangu, nakueleza kama mtu mzima. Nilifanya kazi ya ushirika wa pamba miaka ishirini na miwili. Nilijua aina zote za pamba kwa kushika tu. Asubuhi moja tulikuta mlango una kufuli jipya, na kile nilichokuwa nakijua kikawa hakina mnunuzi. Hakuna aliyeniuliza kama nilikipenda. Dunia ya sasa ndiyo hii, inanunua inachotaka. Leo inanunua sangara na inanunua mtu anayeweza kusema na marubani. Kesho haitanunua hata hicho. Nafasi ikipita haigongi hodi mara ya pili.

Bwana Kashindye amekubali kusubiri hadi Juni. Mama yako pia ameafiki. Yeye hana muda wa kuandika, ana shughuli za samaki.

Usipofika Juni, sitakuwa na la kumwambia Bwana Kashindye, na wala sitakuwa na la kukuambia wewe.

Wako baba,
P. M. Chenge

*

Urusi
30 Machi 1995

Baba,

Shikamoo.

Juni sitakuja. Nimeliandika hilo mwanzo ili usilitafute katikati ya maneno mengine.

Nilisoma habari ya kufuli mara nyingi. Hukuwahi kunisimulia. Nilikuwa huku wakati ule, na barua zako za mwaka ule zilisema "kazi inaendelea vizuri". Baba, kama ungeniambia, ningelia nawe. Lakini nisingekubali maana unayoitoa. Walipofunga ule mlango hawakukutoa pamba mikononi. Mpaka leo ukishika utajua. Unaniambia nitupe ninachokijua kabla hawajaja kukifungia. Mimi nasema waje wakifungie nikiwa ndani.

Bwana Kashindye mwambie nimemshukuru, na asisubiri.

Kama Mama ameafiki, ataniandikia mwenyewe kwamba ameafiki.

Binti yako, ukitaka usitake,
Odeta

*

Mkuyuni
16 Aprili 1995

Mwanangu,

Sikuafiki. Nilikuwa naparua samaki, akanisomea barua yake, nikanyamaza. Yeye akaandika kwamba nimeafiki. Nilipojua kwa jibu lako nilimwambia, "Ukitaka kujua nimesema nini, subiri niseme." Tukakaa siku tatu bila salamu.

Sasa nikuambie habari za mchezo. Niliusoma mwenyewe mara mbili. Halafu nikaona nikikaa nao peke yangu utanichoma. Nikamsomea Getruda, mwenzangu wa kuanika dagaa, pale ufukweni mwaloni tukiwa tunawageuza. Wengine wakasogea. Mvua ilipoanza Maniben akatufungulia stoo yake ya nyuma ya duka, ile ya magunia ya chumvi. Unamkumbuka Maniben, mjane wa Chandrakant. Alikaa mlangoni akisema anasubiri mvua ikatike. Mvua ikakatika, hakuondoka. Tangu hapo kila Jumatano tunasoma. Jina la mwandishi wako hakuna aliyeliweza, kwa hiyo hapa anaitwa Mzee wa Mtoni.

Ubishi wetu ungeusikia. Getruda anasema Pelageya anaogopa tu, basi. Mwanamke aliyezoea kipigo mkono wake haunyanyuki, na yeye anajua kwa nini anasema hivyo. Wengine wakamzomea, lakini mimi sikumzomea. Maniben akasema, "Huyo Savva ni baba mkwe wangu, mpaka chai yake. Nyumba kama ile, mama asipobariki hakuna ndoa. Huyu mama anajua. Amesubiri mlango mmoja tu ambao ufunguo anao yeye." Getruda akamwuliza, "Na wageni wakishaondoka atalala wapi?" Mimi bado sijui niko upande gani. Nakuandikia hivyo hivyo.

Tumeamua kuucheza, watu wauone. Mimi nitakuwa Savva. Walisema nina sauti.

Jambo jingine. Kashindye ameleta karatasi inayosema mwalo wetu ni kiwanja chake, anataka kuongeza majokofu. Hakuna anayejua ameipata wapi, na tuliowauliza wametutuma kwa wengine. Ametwambia tuondoe vichanja vyetu vya kuanikia dagaa kufikia mwisho wa Mei. Mwaka huu ni wa uchaguzi, kila mwenye bendera anapita hapa, anatusikiliza, anakula samaki wetu, anakwenda. Sisi hatuondoki. Nimemwambia na baba yako. Yeye akasema, "Unataka nifukuzwe tena?" Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Mama yako

*

Urusi
22 Mei 1995

Mayu,

Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha makoti mpaka mlinzi akaja kuangalia. Wewe kuwa Savva!

Halafu sikucheka. Swali la Getruda, kwamba atalala wapi wageni wakiondoka, limenikosesha usingizi. Miaka yote nimeandika kana kwamba Pelageya ni shujaa na pazia likishuka amekwisha kushinda. Sikuwahi kumfikiria usiku wa baadaye. Simkubali Getruda kwamba ni woga peke yake. Lakini nimeifumua sura ya tatu yote na kuiandika upya: anaogopa, na anakataa akiwa anaogopa. Nimeandika pia maneno hayo yametoka wapi: Getruda na Maniben, mwalo wa Mkuyuni, Mwanza.

Bi Lidia aliisoma akaniita. Akasema sura ni nzuri, ila niyaondoe majina. "Jopo litauliza hawa ni wasomi gani." Nikamwambia si wasomi, ni wasomaji. Akasema, "Wamesoma mchezo mmoja, kwa tafsiri yako. Wakiwa wamesoma ishirini wangesema vingine." Hilo ni kweli na nilimkubalia. Lakini hoja ni yao, na kuichukua bila kuwataja ni wizi. Akaniambia ana hofu wataitumia sura hiyo kuniangusha, kwa kuwa wapo wanaotaka chumba changu bwenini kwa wanafunzi wanaolipa. Nikamwambia siifuti.

Nitajitetea mbele ya jopo tarehe 27 Juni. Juni ile ile ya Baba.

Mwalo usiuachie. Ila niambie ukweli, Mayu, mambo yakiwa mabaya. Usinifiche kwa kuwa nina mtihani.

Odeta

*

Mkuyuni
4 Juni 1995

Mpendwa Odeta,

Marahaba. Hali zetu njema. Usishangae mwandiko, anaandika Getruda, mimi nasema. Mkono umeungua kidogo na mafuta ya kukaangia, utapona. Mwaloni tupo. Mchezo unaendelea vizuri. Wewe soma. Siku ya jopo vaa lile gauni la kitenge, usivae nguo za kuazima.

Mama

(Mimi Getruda nakusalimu. Asante kwa kuniandika kwenye kitabu.)

*

SIMU YA MAANDISHI
28 JUNI 1995
SUZANA CHENGE PAROKIA MKUYUNI MWANZA
NIMEPITA. SIKUFUTA. MKONO UKOJE. ODETA

*

Mkuyuni
10 Julai 1995

Odeta,

Simu yako imeletwa na katekista wakati mama yako amelala, nikaisoma. Hongera.

Umeuliza mkono. Mama yako na wenzake wamekubaliana wasikuambie. Mimi sikuwemo katika makubaliano hayo, kwa hiyo nakuarifu.

Tarehe 31 Mei walinzi wa Bwana Kashindye walikuja na nguzo za uzio. Walipoanza kuchimba mashimo, wanawake walikwenda wakakaa juu ya mashimo. Mama yako alikaa kwenye la kwanza. Mlinzi alimwamuru ainuke, hakuinuka. Alimshika mkono akamvuta. Mkono umevunjika chini ya kiwiko. Hospitali wamemfunga plasta, mfupa unaunga. Baada ya hapo wanawake walibeba nguzo wakazitupa ziwani. Sita walipelekwa kituoni, mama yako akiwa mmoja wao na mkono wake vile vile. Walilala huko. Maniben ndiye aliyekwenda asubuhi kuwadhamini.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo ya kiwanda. Ni kama hatua chache tu. Niliona yote. Sikuondoka pale mlangoni.

Shauri liko mahakama ya mwanzo, litasikilizwa Agosti. Wameshitakiwa kuharibu mali na kumpiga mlinzi. Bwana Kashindye amenieleza kwamba mimi ni shahidi mzuri, kwa kuwa ni mume wa mshitakiwa na mfanyakazi wake, na hakuna atakayedhani nasema uongo dhidi ya mke wangu. Anataka niseme kwamba wanawake ndio walioanza kupiga. Amesema nikisema hivyo mama yako ataachiwa kimya kimya na uzio utaendelea. Ameniuliza mara mbili. Nimemwambia nitafika mahakamani.

Mama yako hajaniuliza nitasema nini. Ananipakulia chakula kwa mkono wa kushoto.

Kuhusu masomo yako ya michezo, msimamo wangu haujabadilika.

P. M. Chenge

*

Urusi
2 Agosti 1995

Mayu,

Shikamoo. Mafuta ya kukaangia.

Nimekasirika kwa wiki nzima, na nitakasirika tena nikifika. Nilikuomba usinifiche. Nilisimama mbele ya jopo nimevaa kitenge ulichoniagiza, nikizungumza habari za mwanamke asiyesema, na wewe ulikuwa umenyamaza hivyo hivyo, mkono umefungwa plasta. Kama ningejua ningesema vizuri zaidi. Au ningeshindwa kusema kabisa. Labda ulijua.

Nikusimulie jopo. Walikaa watano. Mmoja, mwenye ndevu, alisoma kwa sauti, "Getruda, mwalo wa Mkuyuni," akauliza kama ni jarida. Wenzake wakacheka. Nikasema ni mama mwenye watoto wanne anayekausha dagaa, na ameuliza swali ambalo katika vitabu vyote vilivyo nyuma ya mgongo wa Profesa hakuna aliyeliuliza. Akanitaka nitoe ukurasa ule ili wanipe alama ya juu. Nikasema wanipe ya chini. Wakanipa ya chini. Bi Lidia hakunitetea, lakini hakupiga kura dhidi yangu, na baadaye alikuja chumba cha makoti akanipa koti lake nilitundike, akakaa hapo mpaka onyesho likaisha. Bado anasema Pelageya ameshindwa.

Shahada ninayo. Ni ya daraja la mwisho na ni yangu yote.

Narudi mwishoni mwa Septemba. Tiketi ya wanaorudi bado ipo kwenye faili langu, wamekubali. Nitaomba kazi ya ualimu. Wakininyima nitafundisha kwenye stoo ya Maniben, juu ya magunia ya chumvi. Kwa Kashindye sifiki hata kwa maji ya kunywa.

Baba atakwenda mahakamani? Atasema nini? Nimemwandikia, sijui kama atajibu. Nimewaza majibu yote mawili na yote mawili yananitisha.

Odeta

*

Mkuyuni
3 Septemba 1995

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zimelala.

Kukuficha nilikuficha, na ningekuficha tena. Ukifika tutagombana, tukimaliza tutakula.

Mahakamani baba yako aliingia na suruali yake ya ofisini. Kashindye alikaa mbele. Mimi sikumwangalia, niliangalia viatu vya hakimu. Hakimu akamwambia, "Eleza ulichokiona." Akasema, "Niliona mlinzi akimvuta mke wangu mkono mpaka ukavunjika. Mke wangu alikuwa amekaa chini. Hakumpiga mtu." Hakimu akauliza, "Na nguzo?" Akasema, "Nguzo walizitupa, ni kweli. Mimi nilibaki mlangoni. Ningekuwa mwanaume ningezitupa nao." Hakimu akamwambia ajibu alichoulizwa tu. Akasema, "Nimemaliza, mheshimiwa."

La kumpiga mlinzi tumeachiwa. La nguzo tumepewa onyo kali. Baba yako hakurudi kazini, alikuta jina lake limefutwa getini. Jioni ile alivua ile suruali ya ofisini akanipa, akasema nimpunguzie mguu niivae mimi kwenye mchezo, Savva hawezi kuvaa kitenge. Sasa anapima chumvi dukani kwa Maniben. Wanagombana kutwa, kila mmoja anadai mwenzake hajui kupima.

Uzio umejengwa, nisikudanganye. Ila umeishia kwenye jiwe kubwa, maana mwenye karatasi alitakiwa pale mahakamani kuonyesha mipaka na mipaka yake haikuvuka hapo. Upande wa huku umebaki wetu. Ni nusu ya tulichokuwa nacho. Hiyo nusu anayeitaka aje na plasta za kutosha.

Jumapili iliyopita tuliucheza hapo, baada ya misa, uzio ukiwa nyuma yetu. Watu walijaa mpaka kwenye mitumbwi. Walinzi wa kiwanda walitazama kwa ndani, vidole vimeshika waya. Nilifoka, mwanangu, nilifoka mpaka watoto wakanikimbia. Getruda ndiye Pelageya. Alikataa kubadili chochote. Wengine walitaka aseme maneno mwishoni, yeye akasema Mzee wa Mtoni hakumpa maneno na hataki ya kuazima.

Basi tukafika pale. Dunya amepiga magoti. Nikamgeukia Getruda nikamwambia, "Mbariki mwanao." Akasimama. Mkono haukunyanyuka. Na kweli sikujua kama ni mchezo au ni yeye. Sisi hatuna pazia la kushusha. Tukasimama tu, na watu wakasimama. Nikasema tena, kwa kuwa sikujua la kufanya, "Mbariki mwanao." Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, ya mtu mzima, taratibu tu: "Mzee, hataki." Nikageuka. Alikuwa mlinzi, ndani ya uzio. Sijui kama ni yule aliyenivunja mkono, kofia ilimfunika. Mwanamke mmoja kwenye mtumbwi akasema, "Hataki, umesikia." Halafu wengine, mmoja mmoja, mpaka nikavua kofia ya Savva nikaiweka chini.

Baba yako hakupiga makofi. Njiani kurudi alitembea mbele kama kawaida yake. Tulipofika kwenye mteremko akanisubiri, akasema, "Yule mwanaume alitakiwa amwulize mkewe mapema." Nikamwambia, "Eeh." Bado anasema michezo si kazi.

Kashindye amepata mkalimani mwingine, yule Ngosha wako mwenye tai. Amekuja kunisalimu kwa heshima. Nimempa samaki.

Getruda anaulizia kitabu kilichoandikwa jina lake. Wenzake wanauliza lini tena. Kwa hiyo zawadi usituletee, makoti ya baridi hapa tutayapeleka wapi. Tuletee mchezo mwingine, wenye wanawake wengi na wanaosema. Huu tumeumaliza.

Mama yako,
Suzana Chenge